Besi ya Betri na Isiyo na Betri

Njoroge, mjukuu wangu,

Huku Ngoingwa tuko wazima. Cucu, nyanya yako, anauliza kama unakula vizuri. Nawe umeniuliza ununue gitaa la besi la betri au lisilo na betri.

Langu la kwanza lilikuwa la betri, lilisikika safi hata nikicheza ovyo. Kwenye harusi moja huko Mugutha likazimika bibi harusi akiingia. Sikujua kwamba waya ukibaki umechomekwa kwenye gitaa, betri inaendelea kuisha. Nikaazima gitaa kuukuu la kanisa, lisilo na betri. Cucu yako, wakati huo msichana wa kwaya, akaniambia, "Leo nimesikia hata makosa yako." Nilikasirika, lakini hapo ndipo nilipoanza mazoezi ya kweli.

Anza na lisilo na betri, na ukija Desemba uje nalo. Cucu bado anasikia kila kosa.

Babu yako, Guka