Mbuzi Wangu Walivyopandisha Bei Kakuma

Dada Akai,

Ejok. Ungekuwa hapa ungeniitikia salamu yetu hii ya Kiturkana, "ejok noi," kisha uniulize mbona tumbo langu linaingia mlangoni kabla yangu. Bado linatangulia. Ile meza yako ya ofisi ya ukame Lodwar nimepewa mimi, na kazi yako ya kusoma bei za masoko kila wiki. Kiti chako kinalia nikikaa. Nadhani kinakutafuta.

Nakuandikia kwa aibu. Nimeoa.

Ndiyo, hatimaye. Wewe uliyenitania miaka yote, "Ewoi, umeoa kwa mdomo tu, mbuzi wako wapi?" Watoto niliozaa na Nakiru wanakaribia kunizidi urefu, ndipo nimepeleka mahari. Nilienda soko la mifugo Kakuma na shemeji zangu wawili. Wao wanaonyesha, "Huyo. Na yule mweupe," mimi nalipa. Unajua bwana harusi habishani bei mbele ya shemeji zake, ataitwa bahili kabla hajaonja nyama ya harusi yake. Wafanyabiashara wakaona nimenyamaza, wakapandisha. Nikalipa. Wakapandisha tena.

Wiki ile ile namba za Kakuma zikaingia kwa simu kama kawaida. Bei ya mbuzi imeruka, ya mahindi iko pale pale. Hesabu ulinifundisha wewe: mbuzi mmoja anamnunulia mfugaji mahindi kiasi gani? Yakiongezeka, mfugaji anapumua. Nikachora mstari wangu, ukapanda kama mlima. Nikasimama mkutanoni nikasema wafugaji wamepata nafuu. Nikapigiwa makofi. Lori la maji lililopangiwa kwenda Kaaleng, kule kaskazini, likaambiwa lingoje kwanza.

Haikunijia hata kidogo kwamba mlima ule ni mimi.

Wewe ungeuona. Ulikuwa ukiniambia, "Namba ya wiki ina haraka, Ewoi, ndiyo maana inakosea. Ipange na za wiki zilizotangulia. Ipange na msimu kama huu mwaka jana. Halafu uliza ni nani aliyenunua." Sikuuliza. Na mnunuzi nilikuwa nimemnyoa ndevu asubuhi hiyo hiyo kwenye kioo.

Lakini kinachonichoma si hesabu. Nikirudi kutoka Kakuma niliona magunia ya makaa yamejipanga kando ya barabara, mengi kuliko wanunuzi, na bei imeanguka. Maana yake ulinifundisha: watu wote wakikimbilia kuchoma makaa, nyumbani maziwa yamekwisha. Niliyaona kwa macho yangu. Nikafika ofisini, nikayaweka kando, kwa sababu namba ya mbuzi ilikuwa tamu zaidi. Nilikuwa na harusi, Dada. Nilitaka kila mtu awe na nafuu.

Jana kwenye sherehe dalali mmoja wa Kakuma alikuja kula. Akanigonga bega mbele ya wazee. "Bwana harusi, siku ile ulituinulia soko peke yako. Ulipoondoka tu, bei ikarudi kulala." Wakacheka wote, na Nakiru akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikairudisha nyama kwenye sahani.

Leo Jumapili nimejifungia ofisini. Chifu wa Kaaleng amepiga simu, akapiga tena. Najua anachotaka kuuliza. Visima vya mchanga vinakauka, akina mama wanachimba chini zaidi kila siku, na lori halionekani. Sikushika. Mtu mzima, baba wa watu, naitazama simu ikitetemeka mezani mpaka inachoka yenyewe.

Sikuandikii ili unisamehe. Najua ungenicheka kwanza, cheko lile la kufuta machozi kwa mgongo wa mkono, kisha ungeacha ghafla na kuniuliza, "Na sasa?"

Sasa nakuaga, Dada. Lala salama huko kaburini, mbali na namba zetu. Nikiiweka kalamu hii chini nampigia chifu, nimweleze kabla hajauliza. Na kesho mkutanoni, mtu yeyote kabla hajafungua kompyuta yake, nitasimama niseme mbuzi wale walikuwa wa mahari yangu, Kaaleng hakuna nafuu yoyote. Watacheka. Watanibandika jina nizeeke nalo. Wacheke tu, mradi dereva awe ameshawasha lori.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Ewoi