Kitabu Ambacho Mama Hajakimaliza

Kakamega,
9 Mei 1965

Kaka yangu Erastus,

Sisi tu wazima. Mahindi yameota vizuri na mama ameacha kukohoa.

Mimi bado niko maktaba. Mkubwa wetu aliniagiza nisome vitabu vipya vya watu waliosimulia maisha yao, nibandike ukutani majina ya vile vinavyofaa wasomaji. Kimoja kimeandikwa na askari mzee aliyepigana Burma. Ni kizuri, ningekiweka cha kwanza. Lakini anasema vita vilipokwisha walimwacha rafiki yao Barnaba Shivachi wa Shinyalu huko Kolombo ng'ambo, mzima, ameoa, hataki kurudi.

Erastus, huyo ni baba. Tuliambiwa amefia vitani, tukamlilia, na mama akarithiwa na Baba Mdogo Protus. Au mzee amekosea jina? Sijui.

Siku ya soko mama alipita maktaba, nikashindwa kunyamaza. Nilimsomea ukurasa huo kwa lugha yetu, polepole.

Akauliza, "Kimesema alikuwa na afya?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako mdogo asisikie habari hii."

Kisha akakiomba, yeye asiyejua kusoma, akakifunga ndani ya leso akaenda nacho. Niliandika kwamba nimekiazima mimi, na orodha nikaibandika bila hicho kitabu. Sijui kama nimefanya vema au nimewaibia wasomaji.

Jana nilikwenda nyumbani nikamwomba anirudishie. Akasema, "Bado sijakimaliza."

Niandikie unavyoona wewe, maana mimi nimechanganyikiwa.

Dada yako,
Navalayo