Sijui Zangu Zimezidi

Dada yangu Tusekile,

Baada ya kutafakari kwa kina, natangaza rasmi kwa ukoo mzima, pamoja na matawi yake yote yaliyoko upande wa Nakonde, kwamba nimepewa kiti chenye magurudumu. Kina pa kuegemeza mikono, na ukivuta kijiti cha chini kinashuka polepole kama mkwe anayesalimia. Msomee Baba hapo mara mbili, kisha aendelee na chai yake.

Shikamoo dada. Baba na Mama hawajambo? Goti la Baba bado linatabiri mvua kuliko redio? Na mchele wa Kamsamba umeanza kufika, au malori yamelala kwenye tope kama mwaka jana? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Baba alisema maneno ya simu hayatunziki, anataka karatasi, basi karatasi ndiyo hii.

Umeniuliza nani atashinda uchaguzi huku, kwa sababu hapo sokoni wanabishana, na wewe umeshawaambia wasubiri, mdogo wako ndiye anayewauliza Wamarekani wenyewe. Dada, umenipa cheo ambacho hata mwajiri wangu hajanipa. Lakini ni kweli, nawauliza.

Kazi yenyewe iko hivi. Tunakaa ukumbini, kila mtu na kompyuta yake na vidude vya masikioni. Kompyuta inapiga namba ya mtu yeyote tu, nami namsomea maswali: nchi inakwenda pazuri au pabaya, na utampigia nani kura. Vyama vikubwa ni viwili, kimoja alama yake tembo, kingine punda. Mkulima wa kwetu angemkimbia mmoja na kumfunga mwingine mkokoteni, mambo yakaisha. Majibu yanauzwa kwa televisheni. Mwenye nyumba wangu anatazama televisheni ya upande mmoja, mpangaji wa juu anatazama ya upande wa pili, na mimi niliye katikati nasikia mtu yuleyule akishinda mdahalo darini na kushindwa sebuleni.

Tena wanachagua kila kitu. Hakimu anapigiwa kura. Mkuu wa polisi anapigiwa kura. Hata mkaguzi wa maiti ana bango barabarani, anatabasamu. Nilisimama mbele ya lile bango nikijiuliza huyu mwenzetu huwa anaahidi nini.

Mwanzoni walikuwa wananikatia simu. Karatasi tuliyopewa inatutaka tuanze kwa kusema, "Siuzi kitu chochote." Wewe ni mfanyabiashara wa Tunduma. Mtu akikufuata pale mpakani akakwambia hauzi kitu chochote, si unashika mkoba kwanza?

Nikaona nianze kama tunavyoanza sisi. Ukivuka mpaka kuingia Nakonde huulizi bei ya unga kabla ya "mwashibukeni", mpaka ujue mwenzio ameamkaje. Basi nikawa nasema, "Mama, habari za asubuhi? Hapo nyumbani mmeamka salama?"

Mzee mmoja aliniuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Nakusalimu tu."

"Unanisalimu tu," akarudia, kama anaonja mboga asiyoijua. Kisha akaniambia mgongo unamuuma, na mbwa wake naye anaumwa mgongo. Tukamaliza maswali yote. Hawakukata simu tena, ndipo nikapewa kiti.

Sasa sikiliza shida ilipoingilia. Msimamizi wetu, mama mmoja anaitwa Brenda, akaniita mezani kwake.

"Ambakisye, watu wako hawajui."

"Hawajui nini, mama?"

"Chochote! Wenzako wote wanaleta tembo na punda. Wewe unaleta sijui, sijui, sijui. Sijui zako zimezidi. Ama unajaza mwenyewe, ama kuna kitu unawafanya."

Nikamwambia nawasalimu tu. Akanitazama kama nimekiri kosa la jinai. Akasema kesho atasikiliza simu yangu moja, salamu nisitie, na akisikia uongo nirudi nilikotoka. Nilikotoka ni jikoni kwenye ile hoteli, dada, kuosha masufuria. Unakumbuka picha niliyowatumia ya vidole vyangu vilivyopasuka, Mama akalia? Huko.

Usiku ule nilifikiri sana, nikajiona nimegundua jambo kubwa. Nikasema: hawa watu wanapigiwa kelele na televisheni kutwa, wanajibu kwa kelele. Ukimwuliza mtu ameamkaje, anatulia, anajichungulia moyoni, anakuta hajui. Kwa hiyo maoni ya kweli ya nchi hii ni sijui, na aliyeyagundua ni mtu wa kijijini kwetu Mpemba. Nilijisikia vizuri sana, kwa mtu anayekaribia kufukuzwa.

Kesho yake Brenda akavaa vidude vyake, akakaa ubavuni. Kompyuta ikampata bibi mmoja anaitwa Edna, wa huko kwenye mashamba ya mahindi. Nikasoma kama mashine. Siuzi kitu chochote. Nchi inakwenda pazuri au pabaya?

"Mbona huna salamu, mwanangu?" akasema. "Wewe umeamkaje?"

Dada, mtu mzima amekusalimu. Ungefanyaje? Nikamtazama Brenda, Brenda akatazama ukuta.

"Nimeamka salama, bibi. Nanyi hapo?"

Akafunguka. Mumewe ni wa tembo, mwanawe ni wa punda, wakila pamoja kila mmoja anaomba chumvi kupitia kwake. Nikamsubiri, nikamuuliza, "Wewe mwenyewe, bibi, utampigia nani?"

"Mimi? Mimi hawaniulizi. Sijui, mwanangu."

"Bibi, naomba jibu. Hata dogo."

"Basi weka unalotaka wewe."

Hapo ndipo nilipovitazama vitufe. Cha tembo kipo, cha punda kipo, kazi yangu ipo. Na mwenye jibu amenipa ruhusa. Masufuria nikayaona. Nikabonyeza sijui, kwa sababu ndivyo alivyosema.

Brenda akavua vidude. "Kumbe hujazi mwenyewe," akasema. Kazi nimebaki nayo, kiti kimebaki. Ila kuanzia sasa, mtu akisema sijui, tunatakiwa kumuuliza tena: "Lakini unaegemea wapi?" Na hatutoki hapo mpaka aegemee. Jioni ile televisheni zikatangaza wananchi wamesema, mwenye nyumba akashangilia, na darini wakashangilia vilevile.

Kwa hiyo waambie wa sokoni hivi: mdogo wangu ameuliza, na Wamarekani wakisalimiwa vizuri wanakiri kwamba hawajui. Mwambie hasa yule jirani yako wa vitenge anayejifanya mchambuzi.

Msalimie Mama, mwambie vidole vimepona. Msalimie Baba na goti lake. Msalimie mjomba wa Msangano na ng'ombe zake, shangazi wa Nakonde anayekula bila kushiba, na shemeji, ambaye najua anasoma barua hii begani kwako sasa hivi.

Ni mimi mdogo wako mwenye kiti,
Ambakisye

Kabla sijabandika bahasha: leo mchana kompyuta imenirudisha kwa bibi Edna. Nikamuuliza, kama nilivyoagizwa, anaegemea wapi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ningekujibu siku ile ungekata simu," akasema. Alishapiga kura yake kwa posta wiki moja kabla sijampigia mara ya kwanza.