Pikipiki Iliyovuja Siku ya Sabato

Jumatatu, 3 Machi

Ng'ombe watatu kabla ya chai ya saa nne, wote huku Gesima. Wawili wapole, wa tatu alinipiga teke la paja. Kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya mtungi haimfai mtu anayejipenda sana.

Pikipiki imepata moto tena kwenye mlima wa kutoka Keroka. Taa nyekundu ikawaka. Nilikaa kando ya barabara dakika arobaini, nikaongeza yale maji ya kijani kwenye rejeta. Nilipofika, mkulima alikuwa ameshamwita mtu mwingine. Simlaumu. Ng'ombe akiwa kwenye joto hangoji. Lakini huyo ni mkulima wa tatu kunipotea ndani ya mwezi mmoja. Nikipoteza wengine hivi, jina langu limekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Kwa Fundi Ondieki, Keroka. Mwezi uliopita alibadilisha mpira wa juu na kifuniko cha rejeta. Leo amekaza klipu zote. Anasema sasa anashuku sili ya pampu ya maji, na ameagiza nyingine.

"Daktari, hii kitu inavuja ikiwa moto tu. Ikilala, haitoi hata tone."

Mbona basi kila Jumapili asubuhi maji yamepungua? Ijumaa najaza hadi kwenye mstari, na pikipiki inalala bandani mpaka Jumapili. Nilimwambia. Akakuna kichwa. Mtu akikuna kichwa sana mimi huanza kumtilia shaka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetegesha. Injini ilipopoa nimejaza maji, nikachora alama kwa kalamu nyeupe kwenye ile chupa ya akiba ya rejeta, nikatandaza katoni kavu chini ya injini. Mokaya alinishikia tochi. Mume mwema. Alicheka, akasema naichunga pikipiki kuliko ninavyomchunga yeye.

Jua linatua. Simu nimezima, ufunguo nimeutundika kwenye msumari wake jikoni. Mwaka jana nilimuuliza Mokaya, kwa kuwa yeye ndiye mzee wa kanisa, kama naweza kuhudumia ng'ombe siku ya Sabato. Akasema siku sita zinatosha. Nilikubali. Nimewakatalia watu wengi tangu hapo, wengine kwa machozi.

Jumapili, 9 Machi

Maji yako chini ya alama kwa upana wa vidole viwili. Katoni kavu kabisa. Nimeipapasa, nimeinusa. Kavu.

Maji hayana miguu. Mokaya anasema Ondieki amenitilia kitu kibovu ndani ili nisiache kurudi kwake. "Huyo anakuchezea, Mama Moraa." Sikuwa nimefikiria hivyo. Sasa siwezi kuacha kufikiria.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkuta Ondieki kwenye kituo cha majani chai, watu wamepanga foleni na magunia yao. Nimemwambia mbele ya wote kwamba ni mwongo. Kwamba anajua inavuja wapi na ananificha. Wamama wawili ni wateja wake pia.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi Ijumaa andika kilomita, daktari." Akaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaza maji, nimechora alama, nimeweka katoni. Nimeandika kilomita pia: 23417. Sijui kwa nini nimeandika hapa na si kwenye daftari la kazi, ambalo Mokaya husoma. Najua kwa nini. Nimeona aibu kwa kujua.

Jumamosi, 15 Machi, baada ya jua kutua

Mchana, baada ya ibada, Mokaya alisema anaenda kutembelea wagonjwa na mashemasi, kama kila Sabato. Mimi hufundisha watoto mpaka saa kumi na moja. Leo nimemwachia mwenzangu darasa, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Banda tupu. Katoni yangu imeegemezwa ukutani, taratibu, isilowe.

Nikakaa kwenye ndoo nyuma ya tangi la maji. Nilihisi mjinga. Mokaya alifika saa kumi kasoro robo. Hakuingiza pikipiki bandani. Aliisimamisha kwenye saruji kando ya tangi ili ipoe kwanza. Ana suruali ya kanisani na gambuti zangu. Kwenye mfuko wa nyuma zinaning'inia glavu zangu ndefu za plastiki, za kupandishia ng'ombe.

Na pale, chini ya pampu, kwa mara ya kwanza nikaliona tone lenyewe. Kijani. La pili. La tatu. Kisha ikaacha, kama Ondieki alivyosema.

Nilisimama. Nilisema, "Baba Moraa." Hilo tu.

Jumapili, 16 Machi

Sijalala vizuri. Niandike yote nimalize.

Tulijuana chuo cha mifugo. Mimi nilimaliza, yeye aliacha katikati. Hajawahi kusema kwamba ilimuuma. Wakulima wana namba yake, na tangu Januari wakimpigia Sabato anaenda yeye. Anawaambia nimemtuma. Mbegu ni za mtungi wangu. Mirija ya mbegu iliyopungua mtungini nilidhani nimehesabu vibaya, na nikajilaumu wiki nzima.

Anasema hakutaka watu wakose huduma. Anasema angeniambia. Nikamuuliza kuhusu Ondieki. Akainama akafuta matope kwenye gambuti zangu. Mokaya huyuhuyo alinishikia tochi nikitandaza katoni, akaja akaiondoa, akairudisha kavu, kisha akaniacha niende kumtukana mtu asiye na kosa. Kuendesha pikipiki yangu naweza kumsamehe. Hilo la katoni, sijui.

Na siku sita zinatosha. Nilimwamini kabisa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeenda kwa omong'ina Bosibori, ajuza mjane mwenye ng'ombe mmoja. Alifurahi kuniona. Alisema ile mbegu "uliyomtuma mzee wako" Sabato ya tarehe moja, anaomba ishike, maana maziwa yamekauka. Nikauliza alikuja saa ngapi. Asubuhi, alisema, mara tu ng'ombe alipoanza kulia. Asubuhi hiyo Mokaya aliniambia anatangulia kanisani.

Mapema mno. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, anapandishwa jioni. Hilo hufundishwa mwaka wa pili, na Mokaya hakufika mwaka wa pili. Nikamwambia omong'ina ukweli wote. Alinishika mkono muda mrefu. Akasema atamwangalia tena Jumamosi, wiki tatu zikitimia; akilia tena, mbegu haikushika.

Jumanne, 18 Machi

Kituo cha majani chai. Nimengoja foleni ijae kama siku ile. Nimesema kwa sauti kwamba Ondieki alisema kweli na mimi ndiye niliyemsingizia. Sikuona aibu. Mtu mmoja akauliza nani basi. Nikasema ni mambo ya nyumbani kwangu.

Mchana ametia sili mpya. Amenionyesha ya zamani, imepasuka ukingoni, ufa mwembamba kama unywele. Alinipa kikombe cha chai. Kwa Ondieki hilo ni jambo kubwa.

Jumamosi, 22 Machi, usiku umeingia tu

Omong'ina Bosibori, ingawa yeye ni Mkatoliki, alikuja mwenyewe nje ya kanisa letu asubuhi. Ng'ombe analia tangu alfajiri. Aliniuliza kwa woga kama leo ningeweza. Nilimwambia nitakuja, amfunge kivulini, ampe maji.

Mchana nimefundisha watoto. Mokaya alikaa nyuma ya darasa. Hakuna wagonjwa leo.

Jua lilipotua nikatoa ufunguo mfukoni. Siku hizi haulali kwenye msumari. Nilifika kwa omong'ina mwanga ukiwa bado kidogo. Zimepita saa kumi na mbili tangu ng'ombe aanze kulia. Ndiyo saa yake hasa. Mwaka mzima nimewakatalia watu, na ng'ombe aliyeonekana na joto Sabato asubuhi angeweza kungoja jua litue, bila kuvunja chochote. Mimi ndiye niliyesoma, na sikufikiri. Nilimwachia mume wangu afikiri.

Nimerudi. Nimeegesha, nimeangalia chupa kwa tochi. Maji yako kwenye alama.

Mokaya alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kama itashika. Nilimwambia tutajua baada ya wiki tatu.