Mizigo ya Mkuu wa Chuo

Kihesa, Iringa
12 Januari 1958

Mdogo wangu mpenzi Atuganile,

Leo natimiza miaka thelathini na mmoja tangu niondoke nyumbani Rungwe. Goti lako linaendeleaje, na jiko limestahimili mvua? Mimi mzima, ila kikohozi.

Juni nastaafu ukuu wa chuo. Bodi imeniagiza nipange majalada kabla ya kumkabidhi Mwalimu Kalinga, na niandike taarifa ya utumishi wangu. Barua yangu ya ajira inasema nitafundisha hapa mwaka mmoja! Nimekuta pia maombi yangu ya likizo ya kuja kwenu. Yale ya tangu niwe mkuu niliyakataa mwenyewe, kwa sahihi yangu: kazi nyingi.

Lori la misheni litapeleka mizigo yangu mahali nitakapotaja. Nimeandika: Rungwe, kwa baba. Kiwanja changu bado kipo?

Kaka yako,
Gideoni

Rungwe
3 Machi 1958

Shikamoo kaka,

Goti limenyamaza, jiko limesimama. Na huyo mkuu anayekunyima likizo ni nani? Nimletee fimbo?

Kiwanja kipo. Anyitike, mtoto wa marehemu ndugu yetu Jailos, alitaka kujenga hapo, maana wakwe wanauliza binti yao atalala wapi. Nikamwambia, “Subiri, mwenyewe anakuja.” Akajibu, “Shangazi, mwenyewe huyo anakuja tangu sijazaliwa.” Nilimkemea, kisha nikaingia ndani kucheka.

Nimekata mianzi ya paa lako, nimepanda na migomba. Juni namtuma Anyitike akusaidie kufunga mizigo.

Dada yako,
Atuganile

Rungwe
6 Julai 1958

Kaka,

U mzima? Anyitike amerudi peke yake. Kila nikimuuliza anasema, “Baba mkubwa ataandika.” Mianzi iko uani. Basi andika.

Dada yako,
Atuganile

Kihesa, Iringa
28 Julai 1958

Mdogo wangu Atuganile,

Kikohozi kimeisha, natumaini nawe hujambo. Usimgombeze Anyitike. Ni mimi niliyemwomba anyamaze.

Alinikuta nimeinamia majalada. Akanisalimu kwa lugha ya kwetu, “Ugonile, baba mkubwa.” Nikamjibu kwa Kihehe cha huku, “Kamwene.” Akacheka sana. Mimi nikakaa kitini.

Hata hivyo tulipakia lori: kitanda, vitabu, sanduku la marehemu mke wangu Damari. Dereva akawasha. Nikaomba kwanza nipite nyuma ya kanisa kumuaga Damari. Nikamkuta Tekla, aliyeimba naye kwaya, anapalilia kaburi.

“Mwalimu, umekuja kuaga?” akasema. “Nenda salama. Huyu tutamwangalia sisi.”

Hakunilaumu hata kidogo. Laiti angenilaumu, ningeondoka. Nilirudi, tukashusha mizigo.

Taarifa yangu ya utumishi ina mstari wa mwisho: makao baada ya kustaafu. Nimekata Rungwe, nikaandika Kihesa, nikampa Kalinga funguo za kabati.

Mpe Anyitike kiwanja na ile mianzi, aoe. Migomba iache, iwe mlangoni pake. Arusi ikiisha, panda basi uje. Kitanda kipo, na nina hamu ya kukuona.

Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Gideoni