Mkwe wa Daktari

Zahanati, Arnhem Mashariki
6 Juni

Mama Rarriwuy,

Shikamoo. Natumaini ile mashine ya kusafisha damu haikuchoshi sana hospitalini huko Darwin. Mimi mzima, ila nina jambo.

Tangu uniite mimi mgeni mwanao mbele ya watu, kila mtu hapa ananichangamkia, isipokuwa Bi Wurrtjumun, yule mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Zamani nilikuwa nikimsafisha huku tunacheka. Sasa haji. Juzi nilimwona dukani nikamfuata kumsalimu. Akafunika uso, akapita nyuma ya tangi la maji. Harufu ya kidonda niliisikia. Nikimuuliza Shangazi Banduk, mhudumu wetu, anasema, "Muulize mama yako," halafu anacheka.

Daktari anayenifundisha, aliye mjini, kaniambia niandike kwamba mgonjwa amekataa matibabu, yaishe. Nikiandika hivyo, mguu utakuja kukatwa. Nimemkosea nini?

Mwanao,
Callum

Darwin
9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mashine inaninyonya, nami naisimanga, tumezoeana.

Sikiliza vizuri. Nilipokufanya mwanangu hukupata mama peke yake. Kwetu mtu hapewi ndugu mmoja, anapewa ukoo mzima. Huyo mwenye kidonda ni binti wa mjomba wangu, na mabinti wa wajomba zangu wote ni mama wakwe zako, hata kama hujaoa wala huna mpango. Mama mkwe hatazamwi, hatajwi jina, hapokei kitu kutoka mkononi mwako. Alipokuwa mgonjwa wako tu, aliweza kukunyooshea mguu. Leo hawezi, kwa aibu. Na wewe unamfuata dukani! Mimi nilifurahia kupata mwana, sikufikiria kidonda chake. Banduk hakukueleza kwa sababu aliyekupa ukoo ndiye anayepaswa kueleza.

Usiandike kwamba amekataa. Amekuheshimu. Kaeni ukuta ukiwa katikati, Banduk awasemee. Usigeuke nyuma.

Mama yako

Zahanati
13 Juni

Mama,

Shikamoo. Naituma hii kwa simu, maana ina haraka.

Leo amekuja. Nilikaa kwenye ngazi za nje, mlango nimeupa mgongo. Yeye alikuwa ndani, akiongea na mbwa wake ili mimi nisikie.

"Wewe mbwa, mwenye dawa ajue vidole hivi sivisikii tangu mvua ziishe."

Nikamwomba Shangazi amguse nyayo kwa uzi, nikauliza anasikia wapi, tangu lini, analala vipi.

"Mbwa, huyu anauliza kama polisi."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga picha, akanipitishia simu dirishani. Vidole viwili vyeusi. Nikasema anahitaji ndege ya kumpeleka hospitali Darwin, leo hii. Halafu: "Mbwa, Darwin nina nani mimi?"

Nikajibu, "Shangazi, mwambie kwamba mama yangu atampokea." Sikuwa nimekuuliza. Ndege imeshaondoka. Tafadhali nenda.

Mwanao,
Callum

Darwin
4 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa ukimya. Nilikuwa kando ya kitanda chake. Vidole viwili vimeondolewa. Mguu umebaki. Jana alitembea mpaka dirishani, akalalamikia supu, nikajua amepona.

Nilimwambia naweza kukuvua uana, ili umtibu kama zamani. Nilidhani namsaidia. Akanigeukia kwa hasira: "Mkwe nimempata uzeeni, unataka kuninyang'anya? Madaktari wapo wengi."

Baadaye, akiutazama ukuta, akasema mkwe wa kweli humletea mama mkwe wake samaki, na wewe mpaka sasa umemletea ndege tu.

Anarudi Alhamisi. Waombe kaka zako, wanangu walioko huko, wakufundishe kurusha mkuki wa kuvulia. Watakucheka, vumilia. Ukipata samaki, hata mdogo, mpe Banduk ampelekee, kisha ukakae kwenye ngazi zako. Atakuja kusafishwa kidonda.

Mama yako