Sikumgusa Askari, Nilipiga Yowe Tu

Mpendwa Mama Mektilda,

Salamu nyingi kutoka huku Bariadi, na baada ya salamu naomba msaada wako haraka, maana mke wangu Nyanjige ameondoka nyumbani amekwenda kwa kaka yake kule Shishiyu, na mimi mwanaume mzima nachemsha viazi mwenyewe na majirani wananiona nikichota maji, na ukweli wa Mungu sijamfanyia ubaya wowote mwanamke huyu, sijampiga, sijaongeza mke, pombe nakunywa ya sherehe tu, ila yeye ameshikilia jambo moja la askari ambalo hata si la kwake.

Mimi ni mnunuzi wa pamba katika kijiji kimoja kati ya Bariadi na Lagangabilili, jina la kijiji nalihifadhi. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, mimi ndiye niliyewaletea wananchi soko mlangoni wakati chama cha ushirika kinawakopa na kuwazungusha, nanunua kwa niaba ya tajiri mmoja wa mjini, na mzani ni wa kuning'iniza, na kama mizani yote ya biashara huria nao una tabia zake, sindano yake ni nzito kidogo kupanda, jambo ambalo wateja wangu wote walilizoea isipokuwa jirani yangu Masele, mtu wa maneno mengi, ambaye alikwenda kupima pamba yake misheni kwanza ndipo akaileta kwangu, akaona tofauti, akapanda baiskeli akaenda kunisemea polisi Bariadi badala ya kuja tukaongea kama ndugu.

Basi asubuhi moja ya baridi akaja konstebo anaitwa Januarius, naye kwa baiskeli, kavaa sweta juu ya sare na kofia kaiweka mkobani, akanisalimia mwangaluka vizuri tu, akanionyesha kitambulisho, akasema amekuja kuchukua mzani upelekwe kwa watu wa vipimo. Nikampa kiti akakataa, nikamwambia tuzungumze nyuma ya nyumba akakataa, hapo nikajua huyu ni mtu mgumu, akaufungua mzani kwenye boriti akaufunga nyuma ya baiskeli akaanza kuondoka, na Mama yangu, nikaona maisha yangu yote yanaondoka na ile baiskeli, na mzani wenyewe si wangu ni wa tajiri, basi nikapiga mwano.

Wewe wa mjini huenda hujui, mwano ni yowe letu Wasukuma la kuita watu mwizi anapochukua mali, hasa ng'ombe, na ukiusikia unaacha hata tonge, unachukua fimbo unakimbia, huulizi, maana asiyetoka, sungusungu wanaolinda kijiji wanamtoza faini na watu wanasema ndiye mwenzake mwizi. Watu wakatoka kila upande, wakamkuta mgeni ana sweta na amebeba mzani wa kijiji, akasema mimi ni askari, wakamjibu kila mwizi ni askari. Masele alikuwa shambani mbali anachuma pamba, akaja anahema, akawa wa kwanza kumpiga, hakujua kuwa ndiye askari aliyekwenda kumwita mwenyewe, kwa sababu kituoni alipokelewa na mwingine, na mimi hapo naona Mungu alifanya kazi yake.

Mimi sikumgusa askari hata kwa ukucha, nilisimama mlangoni kwangu. Nyanjige ndiye aliyetoka jikoni na mwiko mkononi akajitupa juu ya yule askari, akapigwa fimbo ya bega, watu wakashtuka, na sweta lilipochanika vifungo vya sare vikaonekana wakatawanyika wote. Akabaki yeye na Masele, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali Bariadi, na huko Masele alipoulizwa alisema mwenyewe kuwa amempiga, basi akawekwa ndani mpaka leo. Mzani niliuokota nikaurudisha ndani usije ukapotea. Kwa wema wangu hata pamba ya Masele nimeinunua kwa mkewe, maana watoto walikuwa hawana chakula. Na sungusungu walimtoza mbuzi Luhaga ambaye hakutoka kwa sababu alikuwa na homa, sheria ni sheria, nami nikapewa ini kama mwenye mwano.

Nyanjige aliporudi kutoka hospitali akaniambia taya la askari limevunjika, anakunywa uji kwa mrija, na jicho moja waganga bado hawajui. Kisha akaniangalia akasema, "Wewe ulijua ni askari." Nikamwambia mimi nilisema mwizi, sikusema apigwe. Akafunga nguo zake, akasema, "Ukija kunichukua, uje na Masele."

Sasa Mama, nimpelekee shemeji ng'ombe ili amrudishe dada yake, au niende kwa mtaalamu mmoja wa Lamadi anayesifiwa kurudisha wake? Barua hii yenyewe naiposti Lamadi kwa sababu posta ya Bariadi wanaujua mwandiko wangu. Usinitaje jina.

Ni mimi,
Mume Aliyeonewa

*

Ndugu Mume Aliyeonewa,

Pole kwa viazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili chai yangu ilipoa nikaiacha. Umekuja kwangu na ugonjwa wa ndoa, lakini kila nilipobonyeza ndoa haikuuma. Mke wako ni mzima kabisa. Katika kijiji kizima kilichotoka na fimbo siku ile, aliyetoka na akili ni yule mwenye mwiko.

Unasema hukumgusa askari hata kwa ukucha, nami nakuamini. Mtu mwenye mikono ya kijiji kizima achafue yake ya nini? Ila hesabu ya wakosaji umeikosea. Masele alimpiga mwizi. Majirani zako walimpiga mwizi. Katika umati wote ule mtu mmoja tu alikuwa ameonyeshwa kitambulisho, akampa kiti mwenye kitambulisho, akajaribu kumpeleka nyuma ya nyumba kwa mambo ambayo mimi na wewe tunayajua. Aliyempiga askari ni wewe peke yako, ukiwa umesimama mlangoni.

Kuhusu mzani wenye tabia, nimeuza dagaa sokoni miaka mingi kabla sijapewa safu hii, na sijawahi kuuona. Mzani hauna tabia, tabia ni ya mwenye mzani. Usiisingizie biashara huria. Serikali iliruhusu kila mtu anunue pamba, haikuruhusu kila mtu awe na kilo yake. Na kinachoniuma ni kwamba waliokuwa wakiibiwa na sindano ile ndio walioacha mashamba yao wakakimbia kuiokoa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini sijui kama waliwahi kuona ng'ombe wakimpiga mateke anayewatoa kupe.

Na wewe ukaona Mungu amefanya kazi yake. Mungu huyo huyo alikupa na ini la mbuzi wa mgonjwa? Mwenzio alipouona uovu wake aliongoza mkokoteni hadi Bariadi na kujitaja mwenyewe. Wewe ulipouona wako uliokota mzani. Kisha ukanunua pamba ya watoto wake kwa mzani ule ule, ukauita wema. Hapo ndugu yangu nilitaka kuichana barua yako.

Nanyi wengine mnaosoma safu hii msicheke sana. Najua tunavyowasema polisi, na mara nyingine wanastahili. Lakini tujiulize kwa haki: askari akija kuchukua kitu kidogo tunampa kiti na soda, huyu alikuja kufanya kazi akapewa fimbo. Tukiendelea hivi, watabaki wale wa soda tu.

Tena umeharibu kitu ambacho si chako. Mwano ni mali ya watu wote huko kwenu. Ndio uliowarudishia wazee ng'ombe wao wakati ambapo hapakuwa na gari wala simu ya kuita mtu. Nguvu yake yote iko hapo, kwamba anayeusikia haulizi, kwa sababu anaamini anayepiga hadanganyi. Sasa umedanganya. Siku wezi wa kweli watakapokuja, jirani yako atakaa kwanza kitandani akijiuliza, na ng'ombe watakuwa wameshavuka Meatu. Sungusungu waliomtoza Luhaga mbuzi kwa homa yake wakilijua hili, zizi lako halitawatosha.

Sasa sikiliza, na usiongeze lako. Ng'ombe wa shemeji mwache zizini, Nyanjige hakuwekwa rehani. Mtaalamu wa Lamadi mwache na vibuyu vyake, mke aliyeondoka kwa sababu ana macho harudishwi kwa moshi. Kesho asubuhi chukua mzani ule ulivyo, usiiguse sindano, ufunge nyuma ya baiskeli kama Januarius alivyoufunga, uende nao Bariadi hadi kituoni. Mwombe mkuu wa kituo muandike pamoja: mimi ndiye niliyepiga mwano, na nilijua ni askari. Ukishasema hivyo funga mdomo, kwa sababu nakufahamu sasa, neno lako linalofuata litakuwa "lakini".

Utafungwa? Inawezekana, sitakudanganya. Na Masele naye atajibu kwa fimbo yake, kwa maana askari alisema yeye ni nani na hakuna aliyesubiri. Lakini hakimu anayo haki ya kujua ni nani aliyemkimbiza mtu yule kutoka shambani, na mke wa Masele ana haki ya kupimiwa upya pamba yake misheni na kulipwa kilichopunjwa. Kisha wakikuruhusu, nenda hospitali ukasimame mbele ya kitanda. Mbuzi usimpelekee, hana taya la kumtafunia. Mwombe radhi tu, na akigeuza uso ukutani, simama hapo hapo mpaka muuguzi akufukuze.

Ukiona yote haya ni mazito, basi endelea kukaa kimya na viazi vyako. Siku ya kesi Masele atasimama kizimbani, atasimulia mzani wa misheni na mzani wako, na maneno yatafika kijijini kabla watu wa mahakama hawajanyanyuka. Hapo mtu mmoja atapiga mwano nje ya mlango wako. Watatoka kila upande na fimbo zao, na hawatauliza, wewe mwenyewe umenieleza kuwa hawaulizi. Nyanjige yuko Shishiyu. Utapiga kelele waitwe polisi, na kituo cha Bariadi kwa sasa kina upungufu wa askari mmoja.

Mama Mektilda